Macho ya Nahodha Mbaruku

Siku mliyoniaga pale gatini nilipostaafu, mkanipa saa ya ukutani na blanketi, kijana wenu mmoja alisimama akasimulia kisa cha nahodha kipofu. Mnakijua wote. Nahodha aliyekuwa haoni hata kidole chake mwenyewe, akaficha miaka miwili, mpaka siku alipoipeleka boti yetu Kweme mwambani na wageni ndani. Kijana yule ana kipaji. Alifumba macho, akapapasa hewa, akaigiza mzee anayetafuta usukani, na watu walicheka mpaka chai ikamwagika mezani. Mimi pia nilicheka. Nimekuwa nikicheka kila kisa hicho kinaposimuliwa, na kilianza kusimuliwa wengi wenu mkiwa bado shule ya msingi.

Sasa niko nyumbani, juu kidogo ya Lushoto, na muda ninao. Mke wangu anataka nipande kabeji. Nimemwomba anipe wiki moja kwanza niandike, kwa sababu kisa kile kina kosa, na anayelijua kosa lenyewe nimebaki mimi peke yangu. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yamo kwenye faili, kama panya wa ofisi ile hawajayala. Nitaeleza kazi, na kazi yangu kubwa kwa miaka zaidi ya ishirini ilikuwa kuogopa.

Niliingia botini mwaka wa Uhuru, bendera ikiwa bado mpya. Baba yangu alikuwa mtunza bustani wa bibi mmoja wa Kizungu mwenye nyumba hapa Lushoto, ambaye mumewe alikuwa na mashamba ya mkonge huko chini, na pia boti ya matanga mawili aliyoikodisha kwa wageni. Wageni walikuja kwa wiki, kwa siku kumi, wakazunguka visiwa na kulala humo humo. Yule bibi aliipa boti jina la Kweme kwa sababu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama yangu alimpelekea kweme, zile mbegu zenye mafuta, za kukaanga kama tunavyowapelekea wazazi wote, akazipenda. Baba akaomba nafasi ya msaidizi wa mpishi kwa ajili yangu, nikapewa bila kuulizwa kama naijua bahari.

Sikuijua. Nilishuka Mombo juu ya lori la mboga, nikafika Tanga nikiwa nimekalia magunia ya karoti. Maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona yalikuwa ya mto pale Soni, na huo niliuvuka juu ya gogo huku nimefumba macho. Nilipoingia Kweme nilimwuliza mtu wa kwanza niliyemwona mahali pa kushika. Alikuwa mzee mfupi mwenye pengo mbele, amechutama anasokota kamba.

Akaniambia humo ndani kila kitu kinatikisika, kwa hiyo nishike nipendacho.

Huyo ndiye Nahodha Mbaruku, mtu wa upande wa Pangani. Siku hiyo hiyo alinipa jina la Bwana Shamba, akaniita hivyo mpaka mwisho. Aliponiuliza kama najua kuogelea nikamwambia sijui, nilidhani atanirudisha kwenye karoti zangu. Hakunirudisha.

“Vizuri,” alisema. “Anayejua kuogelea hufikiria kuogelea. Wewe utafikiria nanga.”

Kuogelea sijui mpaka leo. Nanga niliifikiria kweli, usiku na mchana, mpaka mzee akanitoa jikoni akanisimamisha omo, yaani mbele kabisa ya boti, penye nanga na mnyororo. Alikuwa hafundishi kwa maneno mengi. Alinivua viatu akanikanyagisha mnyororo kwa unyayo mtupu baada ya kutia nanga, akaniacha pale. Baada ya muda akauliza nasikia nini. Nikasema sisikii kitu. Akasema basi nanga imeshika. Siku nyingine nilisikia mngurumo mdogo ukipanda kwenye kisigino, na nilipomwambia aliruka kutoka kwenye mkeka wake wa sala kabla sijamaliza sentensi, kwa sababu mnyororo unaonguruma maana yake nanga inaburuzwa chini na boti inakwenda zake. Mpaka leo nikilala huwa natoa unyayo nje ya blanketi, mke wangu hajui kwa nini.

Kifaa cha pili alichonipa ni bildi. Nyinyi mnayo bado, ila naona mnaitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Ni donge zito la madini ya risasi lililofungwa kwenye kamba ya kupimia kina, yenye vitambaa vya kuhesabia pima. Chini ina kishimo. Kishimo hicho tulikijaza mafuta ya ng'ombe, ili risasi ikigusa chini ipande na kilichoko huko. Mzee Mbaruku alikuwa anaipokea, anapitisha kidole gumba kwenye mafuta, ananusa, wakati mwingine analamba, kisha anasema tuko wapi. Kwenye mlango wa Kisiwa cha Mwewe, ambako wageni walipenda kulala kuliko kwingine kokote, risasi ilipanda na mchanga mweupe wenye vipande vya kombe. Nje ya mlango ilipanda na tope la kijivu. Ikipanda bila kitu, mafuta yamekwaruzwa tu, chini yako pana jiwe, na hapo hakuna cha kunusa tena.

Mlango ule nausikia tumboni hata nikiwa huku juu. Ni njia nyembamba katikati ya miamba miwili, upana wake haufiki mara tatu ya urefu wa Kweme, nawe unaingia ukitokea bahari kuu huku mawimbi yanakusukuma kutoka nyuma. Kuupata, ulitazama bara ukatafuta alama mbili zikae kwenye mstari mmoja. Ya mbele ni jiwe jeusi kubwa lililoko ufukweni. Ya nyuma ni mlima Mlinga. Kilele kikisimama juu ya jiwe, uko mlangoni. Kikihama kushoto au kulia, uko kwenye matumbawe, na ukishagundua hivyo huwa hupati nafasi ya kuomba radhi.

Nilipouona mlima huo kutoka baharini mara ya kwanza nilitaka kulia. Ni wa kwetu ule, Usambara hii hii, ingawa upande wa mashariki, si huku Lushoto. Nilijiona kama mtu aliyekutana na shangazi yake mjini. Lakini sikuuamini. Mimi nimezaliwa ndani ya ukungu, na kwetu mlima ndio unaopotea kila asubuhi. Unafungua mlango, milima haipo, imekwenda, utaiona saa nne ikipenda. Kisichopotea ni nyumba. Nyumba ya babu iko pale pale kwenye kigongo, migomba pale pale, makaburi pale pale, hata ukitembea gizani unaifikia. Kwa hiyo miaka michache baadaye nilipogundua kwamba nyuma ya jiwe jeusi, kwenye mwinuko, kuna shule ya kijiji yenye paa la bati, na kwamba bati hilo linakaa kwenye mstari ule ule wa mlima, nilifurahi mno. Mlima ukifunikwa na wingu, na hufunikwa mara nyingi, mimi nina bati langu.

Nilimweleza mzee juu juu tu, kwamba pale kijijini pangeweza kupatikana alama nzuri. Hakutaka hata kuuliza ni ipi.

“Bwana Shamba, usichukue alama kwenye kitu cha mtu,” alisema. “Mwenyewe akikihitaji atakihamisha, na hatakutumia barua.”

Nikaitikia, kisha nikaendelea kulitumia bati langu kimyakimya, kujihakikishia. Kila tulipoingia na mlima ukionekana nililinganisha, na kila mara bati lilikuwa sawa na mlima. Miaka mingi lilikuwa sawa. Nikaona mzee ana ushamba wake wa pwani.

Mambo yakabadilika nchini. Mashamba ya mkonge yakawa ya umma, yule bibi akafunga nyumba yake ya Lushoto akaondoka, na Kweme ikahamia kwenye kampuni ya umma. Wageni sasa walikuwa wataalamu waliokuja kutusaidia, waliokodi boti wakiwa likizo. Injini ndogo tuliyokuwa nayo ilikufa, vipuri vikawa havipatikani, tukarudi kwenye matanga matupu. Mzee alisema ni afadhali, ile injini ilikuwa inamzuia kusikia.

Wakati huo sikujua kwa nini kusikia kumekuwa muhimu hivyo. Nilikuja kujua mwaka uliofuata, Kweme ikiwa imepandishwa pwani, tunaitia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao. Nilimmiminia chai, akanyoosha mkono kuchukua kikombe ukapita pembeni yake. Akabaki ameshika hewa. Kisha akaniambia niketi. Alisema macho yameingia ukungu, la kushoto limekwisha, la kulia linaona mwanga na vivuli. Nilimwuliza kama meneja anajua. Akasema meneja akijua leo, kesho yeye yuko barazani kwake anasubiri kufa, na Kweme atapewa mtu aliyesomea uongozi.

Hakuniomba. Aliuliza tu kama naweza kusema kwa sauti kila ninachokiona.

Ndivyo tulivyofanya kwa miaka miwili. Mimi nilisimama omo na bildi, nikitangaza kwa sauti: jiwe, mlima, rangi ya maji, ngalawa kulia, pima tano, mchanga. Yeye alikaa nyuma kwenye usukani na kuendesha kwa maneno yangu. Wageni walidhani ni desturi yetu, wengine walitupiga picha. Mpishi wetu, Bakari, alijua, naye alinyamaza. Ndani ya miaka ile miwili taya zilikuwa zinaniuma kila asubuhi kwa kusaga meno. Zamani niliogopa bahari kwa ajili yangu mwenyewe, na hofu ya namna hiyo mtu anaizoea. Sasa kila aliyepanda Kweme alikuwa amekaa juu ya ulimi wangu na hajui. Mara moja nilikwenda hadi ngazi ya ofisi ya meneja kumwambia. Nikakuta amekwenda kwenye mkutano, nikamshukuru Mungu, nikarudi.

Mwaka wa pili upepo wa kusi ulivuma vibaya, na kwa miezi mitano hatukwenda Kisiwa cha Mwewe. Redio ilikuwa inataja vijiji vya Ujamaa kila siku, watu wanahamia vijijini, nyumba mpya kwenye mistari. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza hali ya hewa ya nchi nyingine. Kwetu huku milimani watu tulikuwa tumebanana tayari, jirani akikohoa unampa pole kutoka kitandani kwako, nani angehamishwa aende wapi? Sikuwahi kuona kijiji kikinyanyuka na kwenda.

Mvua za vuli zilipoanza tukapata safari. Wageni watatu: mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi hapa hapa Lushoto kufundisha watu matuta, mkewe, na mama mkwe wake, bibi mnene aliyekuwa na kikapu cha sufu na sindano zake za kufuma. Sisi tulikuwa watatu. Jumla watu sita. Tulifika mbele ya mlango wa kisiwa alasiri, maji yakiwa yanajaa, ambayo ndiyo saa nzuri. Kilichokuwa kibaya kilikuwa nyuma yetu. Wingu jeusi lilikuwa limeshuka baharini mpaka chini, linakuja, na mbele yake maji yalikuwa yamegeuka meupe.

Mlima haukuwepo. Bara yote kuanzia kwenye minazi kwenda juu ilikuwa kijivu. Niliona ufuko, niliona jiwe jeusi, na nyuma ya jiwe, kwenye mwinuko, niliona bati.

Nilijua amri ya mzee katika hali hiyo, alikuwa ameniambia mara mia. Mlima haupo, geuza, kaa nje kwenye maji mengi, vumilia mvua ikupige mpaka ipite. Lakini kukaa nje na lile jambo lililokuwa linakuja nyuma! Nilitaka kuwa ndani ya mlango, kwenye maji yaliyotulia, nanga chini, unyayo juu ya mnyororo. Sijawahi kutaka kitu kwa nguvu kama hivyo.

“Mlima unauona?” aliuliza mzee kutoka nyuma.

“Nauona,” nikasema.

“Umesimama juu ya jiwe?”

“Umesimama sawasawa.”

Akageuza Kweme kuelekea bara. Hakuuliza mara ya tatu, kwa sababu kwa miaka miwili hakuwahi kuwa na haja ya kuuliza mara ya tatu.

Nililiweka lile bati juu ya jiwe kwa uangalifu wote, namwambia kulia kidogo, kushoto kidogo, na lilikaa pale vizuri kabisa. Niliona linang'aa kuliko siku zote. Nikajiambia limeoshwa na mvua. Nikatupa bildi: pima sita, tope. Nikatupa tena: pima tano, tope. Hapo ulipaswa kuanza mchanga mweupe, lakini nilikwisha kujiambia kwamba utakuja. Upepo wa mbele ya mvua ukatupiga nyuma na Kweme ikaruka. Nikatupa mara ya tatu, pima tatu, nikaivuta, nikatazama mafuta.

Yalikuwa yamekwaruzwa tu. Hayakuwa na kitu.

Nilitangaza kama nilivyozoea. Nadhani mzee alikwisha kusikia mawimbi yakivunjika kabla ya hapo, kwa sababu alikuwa ameshasukuma usukani wote upande mmoja, Kweme inageuka kuikabili bahari, naye anasema nanga, nanga, bila kupaza sana sauti. Nikaachia mnyororo. Bakari akaangusha matanga yakamfunika mwenyewe. Nanga ikagonga jiwe chini, nikakanyaga mnyororo, nao ukanguruma. Ulinguruma mpaka kwenye meno. Nikaachia nanga ya pili. Tukaburura bado, kinyumenyume, mvua sasa imetufunika na sioni hata mlingoti, kisha nyuma pakasikika pigo moja kubwa na usukani ukapasuka mikononi mwa mzee. Baada ya hapo mnyororo ukanyamaza.

Nilisimama juu yake kwa muda ambao Bakari alisema baadaye ni kama saa mbili. Nyuma yetu mwamba ulikuwa umbali wa kutoka mlangoni kwangu hapa hadi zizini, na kila wimbi lililotupita tulilisikia likifika pale. Bakari alikuwa anasoma dua upande mmoja, mimi naimba wimbo wa kanisani upande mwingine, na wote tulikuwa tumekosea maneno. Mtaalamu alikuwa amekumbatia mkewe. Yule mama mkwe, ambaye nafikiri aliamini ndivyo safari zetu zinavyokuwa, alitoa kichwa mlangoni akauliza kwa Kiswahili chake kama chai itachelewa. Niliogopa kuinua mguu hata kidogo. Nilikuwa na wazo kwamba nikiinua mguu nanga itaachia, na sikuweza kulitoa wazo hilo kichwani.

Mvua ikapita kama ilivyokuja. Upepo ukalegea, maji yalikuwa yamejaa. Wingu la bara likaanza kunyanyuka kutoka chini, kwanza minazi, kisha vilima, na Bakari akasema kwa furaha, mlima huo, kule kushoto.

Ulikuwa kushoto kweli, mbali na jiwe.

Mzee alikuwa nyuma kabisa. Nikamwona anakuja mbele akifuata ukingo wa boti kwa mkono, polepole, mpaka aliponifikia. Akachutama, akaweka kiganja kwenye mnyororo karibu na mguu wangu. Mtaalamu alikuwa anatutazama.

“Ulikuwa unaona nini?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Bati la shule.”

Aliondoa kiganja kwenye mnyororo. Kisha akasema, “Ile shule wameihamisha tangu mwezi wa saba. Mpwa wangu mwenyewe alibeba yale mabati kichwani.”

Kijiji kizima kilikuwa kimesogezwa kaskazini, na watu kwa kuwa si wajinga walikuwa wameng'oa mabati yao wakaenda kuyapigilia kwenye shule mpya, kwenye mwinuko ule ule, mwendo mfupi kutoka pale ilipokuwa ya kwanza. Kama ningemwambia mlima hauonekani ila bati naliona, angejua pale pale. Kama wakati wowote katika miaka ile ningemtajia bati langu, angeniambia siku ile ile mpwa wake alipolibeba.

Tulitoka kwa kuiacha nanga ya pili kwenye matumbawe, iko huko mpaka leo, na kuendesha kwa kasia badala ya usukani. Tukafika Tanga kesho yake. Mtaalamu alitutangulia ofisini kwa meneja akasema nahodha wetu anatembea kwa kupapasa. Alikuwa na haki.

Meneja alituita wawili, mimi na mzee. Alikuwa na karatasi mbele yake na uso ambao sikuupenda. Miaka ile, mkumbuke, mali ya umma ikiharibika watu walianza kutafuta mhujumu kabla ya kutafuta fundi. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa nne. Meneja akauliza ni nani aliyekuwa anatazama alama. Nilikuwa nimejiandaa njiani, niliyapanga maneno yote, nami nikafungua mdomo.

“Mimi ndiye nahodha,” mzee aliwahi. “Macho yangu yamekufa, nimeficha miaka miwili. Kijana huyu aliniambia mlima umefunikwa tukae nje. Mimi sikumsikiliza.”

Meneja alinigeukia. Akauliza kama ni kweli.

Nyinyi mmenijua kama mtu mwoga, najua mnavyoniita mkidhani sisikii. Bahari niliiogopa miaka yote na sijawahi kuona aibu, kwa sababu bahari inastahili. Lakini pale ofisini, juu ya sakafu kavu, feni inazunguka, hakuna wimbi hata moja, niliogopa kuliko nilivyoogopa juu ya mnyororo. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kufungwa, niliogopa uso wa baba. Nikamtazama mzee, naye alikuwa ameelekeza uso dirishani kama hayumo.

“Kweli,” nikasema.

Aliondoka siku hiyo na mkeka wake na kamba aliyokuwa anaisokota. Wiki iliyofuata Kweme nikapewa mimi.

Nilikwenda kwake mara moja tu, mwaka mmoja baadaye, nikiwa na gunia la viazi na kikapu cha matunda ya huku kwetu. Nilimwamkia shikamoo kutoka uani akaitikia kwa jina la Bwana Shamba kabla sijafika barazani, alinitambua kwa hatua. Alitaka habari za usukani mpya, za mnyororo, kama Bakari bado anaunguza wali. Nilianza kusema lile nililokwenda kulisema. Nilifika kwenye neno ofisini, akanikata.

“Mlangoni siku hizi unachukua alama gani?”

“Mlima, mzee.”

“Ukifunikwa?”

“Nakaa nje.”

“Basi,” alisema, akaomba tunda, nikammenyea. Nikaondoka bila kulisema. Sikurudi tena, na msiba wake nilipata habari zake mwezi mmoja baada ya kuzikwa.

Ndiyo maana nilikuwa nakaa nje. Nilikaa nje na wageni wakatapika, nilikaa nje wakaniandikia barua za kulalamika, nilikaa nje mpaka meneja wa tatu akaniuliza kama kampuni inanilipa ili nielee. Wengi wenu mlikaa nje pamoja nami, mmelowa, mnanung'unika, huku njia inaonekana wazi kwa macho yenu. Sikuwaeleza sababu. Leo nimewaeleza.

Hapa nilipo ukungu hushuka kila asubuhi na kigongo cha mbele hupotea. Siendi shambani mpaka kirudi. Mke wangu ananicheka, anasema kabeji hazina mwamba. Namwambia asubiri.

Na wewe kijana mwenye kipaji, sikukatazi kukisimulia kisa kile, maana najua kitasimuliwa tu. Ila ukifika pale penye mlango wa kisiwa, usifumbe macho tena, wala usipapase hewa. Yafumbue kabisa. Simama omo kama mtu mzima mwenye macho mazuri, tazama bara yote ilivyo kijivu, halafu mzee akikuuliza kutoka nyuma kama mlima unauona, jibu nilivyojibu mimi: “Nauona.”